Mwalimu Aliyetorosha Daraja

Mkisikia huko kwenu kwamba sisi tumemfunga mwalimu wa darasa la tano kwa kutorosha daraja, msicheke kabla sijamaliza. Kila nchi ina wahalifu wake. Wengine wana watu wa kuiba ng'ombe, wengine wana watu wa kukata nyaya za umeme. Sisi tulimkamata mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, ambaye eti alichukua daraja zima la zege, lenye nguzo na taa, akaliondoa juu ya Mto Lumesa bila jirani kusikia hata kishindo. Jina la nchi yetu silitaji. Kulitaja ukiwa umekaa ni kosa, nami nina goti bovu, siwezi kusimama kila nikifungua mdomo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi Nyamlenga. Niliyaona yote, kwa hiyo msiniletee habari za magazeti.

Kwanza niwaeleze Maarifa ya Jamii inavyofundishwa kwetu, maana wageni huwa hawaelewi. Nasikia katika nchi nyingine mtu akitaka kuandika kitabu cha Maarifa ya Jamii huenda akautazama mto, akapanda mlima, akauliza bei sokoni, ndipo akaandika. Kupoteza muda tu! Kwetu vitabu hivyo huandikwa na Taasisi ya Vitabu vya Taifa, na maofisa wa Taasisi hawahangaiki kwenda popote. Wakati wa kampeni hufungua redio, wakakaa vizuri, wakanakili. Mgombea akisema, "Nitawaletea zahanati," wao huandika, "Kijiji hiki kina zahanati." Akiahidi lami, mchoraji anachovya brashi kwenye rangi nyeusi. Juu ya mlango wa Taasisi wameandika kwa herufi za dhahabu: LISEMWALO LIPO, KAMA HALIPO LAJA. Ndiyo sababu watoto wetu wanaijua vizuri sana nchi ambayo wazazi wao hawajawahi kuiona.

Na faida yake ni kubwa, msidharau. Wizara ya Afya ikitaka kujua ni kijiji gani hakina zahanati, hufungua kitabu cha darasa la nne. Inakuta zipo kila mahali, zimepakwa rangi, na nesi anatabasamu mlangoni. Basi wizara inafurahi, inakwenda kula. Wizara ya Maji nayo vivyo hivyo. Mama zetu wakilalamika kwamba wanachota maji kwenye dimbwi la ng'ombe, ofisa huwafungulia ukurasa, akawaonyesha bomba, akawauliza kama hawajasoma.

Sasa sisi Nyamlenga tuna Mto Lumesa. Shule iko upande huu, na watoto wengi wanakaa ng'ambo. Kiangazi wanavuka kwa kukunja sare. Masika mto ukijaa, wenye roho ngumu hubebwa mgongoni na baba zao, wengine hukaa nyumbani mpaka maji yapungue, na wakirudi wanachapwa kwa utoro. Masika ya mwaka juzi mto ulimchukua kaka yake Mwamvita, binti wa fundi seremala, Mbaraka Ngoda. Alikuwa darasa la saba, kijana mpole, hodari wa hesabu. Tulimtafuta kwa miti mirefu, tukamkuta amenasa kwenye mizizi huko chini. Polisi walikuja, wakapima, wakaandika ripoti yao kwamba marehemu aliteleza alipokuwa akivuka daraja.

Fundi Mbaraka alipewa nakala. Aliipokea kwa mikono miwili. Ningekuwa mimi ningemlisha mtu ile karatasi.

*

Mwalimu Sikudhani Mbelwa aliletwa kwetu mwaka uliofuata, akapewa darasa la tano, Maarifa ya Jamii. Kosa lake lilianza siku ile ile aliposoma muhtasari wa somo. Walimu wengine huuweka muhtasari chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe, yeye akausoma! Humo akakuta mada moja ya zamani, iliyosahaulika na Taasisi, inayosema mwanafunzi achore ramani ya mazingira anamoishi. Mwanamke yule akawatoa watoto nje. Akawapa vijiti vya kupimia na mkaa wa kuchorea, akawaambia maneno ambayo baadaye yalisomwa mahakamani kwa sauti ya kutisha: "Chora unachokiona. Usichokiona, usichore."

Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Ndauka, ni mtu wa tai. Joto likiwa vipi, yeye na tai yake. Alitoka ofisini akiwa ameshika kikombe cha chai, akawakuta watoto wametapakaa ukingoni mwa mto.

"Mwalimu Sikudhani, hawa watoto wanafanya nini juani?"

"Wanachora ramani, Mwalimu Mkuu."

"Ramani si ipo kitabuni? Ya rangi. Ukurasa wa arobaini na moja."

"Ile ina daraja."

"Ndiyo, tena zuri sana."

"Sasa Mwalimu Mkuu, lile daraja liko wapi?"

Bwana Ndauka akatazama mto, upande wa juu, upande wa chini. Mimi nilikuwa pale nimekuja kuulizia habari ya madawati, nikamwona akitoka jasho mpaka kwenye fundo la tai.

"Liko ukurasa wa arobaini na moja," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ramani iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya Mwamvita. Alichora shule, mnara wa kengele, njia ya ng'ombe, kwao ng'ambo, na katikati mto wenyewe, mpana, mweusi. Pale ukurasa wa arobaini na moja ulipoweka daraja, yeye alichora maji. Maji matupu. Mwalimu akampa alama zote.

Yangeishia hapo tungekuwa salama. Lakini ilikuja amri kutoka juu kwamba kila shule itoe mchoro mmoja kwa ajili ya Maonyesho ya Taifa ya Kazi za Watoto Wenye Furaha. Bwana Ndauka, kwa uvivu wake ule ule, akachukua wa juu kwenye rundo bila kuutazama, akaukunja, akautia muhuri, akautuma.

*

Waziri wetu anaitwa Mheshimiwa Profesa Makwega Tindo, Waziri wa Elimu, Kumbukumbu na Mambo Yaliyokamilika. Ni msomi mkubwa. Alipata uprofesa asubuhi moja, pamoja na uwaziri. Siku ya maonyesho alipita akikagua michoro, wapambe wakipiga makofi mbele ya kila mmoja, mpaka alipofika kwenye ramani ya Mwamvita. Wanasema alisimama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umevunjwa.

"Daraja langu liko wapi?" akauliza.

Wapambe wakapiga makofi.

"Nyamazeni! Nimeuliza, daraja langu liko wapi? Nililizindua mwenyewe!"

Na kweli alilizindua. Utepe aliukata mjini, katika ukumbi wa hoteli, mbele ya picha ya daraja. Alisema barabara ya kwenda Nyamlenga ingemchafulia viatu. Watu walikula pilau, wakacheza, na mkandarasi akapewa nishani kwa kumaliza kazi kabla hajaianza.

Sasa hebu fikirini kama viongozi. Picha ya hotelini ina daraja. Kitabu kina daraja. Ripoti ya polisi ina daraja, na mtu ameteleza juu yake. Ramani ya mtoto haina. Kwa hiyo kati ya kitabu na ramani daraja limetoweka. Na aliyekuwa amesimama kati ya kitabu na ramani ni nani? Mwalimu! Mtoto wa chekechea angejua.

Walikuja kumchukua akiwa darasani, chaki mkononi. Walipekua nyumba yake mpaka ndani ya unga. Chini ya kitanda walikuta misumari, kamba ya kuanikia nguo na jiwe moja la kusagia. Wakavifungasha kama vielelezo. Inspekta aliyeongoza msako alituonyesha lile jiwe, akalinyanyua juu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akatuambia. "Mlikuwa mnampelekea watoto wenu!"

"Hilo ni jiwe langu," mama mmoja akasema. "Nilimwazima asagie ulezi."

Naye akapakiwa garini kwa kushirikiana na mhalifu. Walimwachia baadaye, jiwe wakabaki nalo.

*

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Pazi Kolowa, mzee mwenye sifa ya kutowahi kumwachia mtu asiye na hatia, kwa kuwa, anasema, watu wa namna hiyo wana kiburi. Shtaka lilisomwa: kutorosha daraja la umma, pamoja na nguzo na taa zake, kinyume na sheria. Mwalimu Sikudhani hakuwa na wakili. Mawakili walimwambia wao hawana ujuzi wa mambo ya ujenzi.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "sijatorosha daraja. Halijawahi kuwapo."

Hakimu akamwinamia. "Halijawahi kuwapo? Wewe ni mwalimu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na unasema kitabu kinasema uongo?"

"Nasema twende tukaangalie mto."

Ukumbi ukaguna. Inspekta, ambaye ndiye alikuwa mwendesha mashtaka, akainuka haraka. Nilidhani atapinga, kumbe alikuwa anatabasamu. "Mheshimiwa, upande wa mashtaka hauna pingamizi. Twende. Twende hata sasa hivi."

Jamani, mimi mzee mzima nilifurahi! Nilijisemea, Mungu si Athumani. Mwenye macho haambiwi tazama. Hakimu akifika pale akaona maji matupu, kesi imekwisha, mwalimu wetu anarudi nyumbani. Tulifuatana na magari ya mahakama kwa vifijo. Akina mama walikwisha kutia maharage jikoni.

Hakimu alishuka, akakanyaga tope, akatazama mto. Akatazama juu, akatazama chini. Akavua miwani, akaifuta, akavaa.

"Mheshimiwa," Inspekta akasema kwa unyenyekevu, "mahakama yako tukufu imejionea kwa macho yake. Halipo."

"Halipo," Hakimu akasema kwa hasira. "Kweli halipo!"

"Na naomba mahakama itazame ukingo, Mheshimiwa. Hakuna hata punje ya saruji. Hakuna shimo la nguzo. Hakuna waya wa taa."

"Amefuta mpaka alama," Hakimu akasema. Akamgeukia mwalimu wetu kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe mwanamke ni hatari."

Mwalimu Sikudhani akageuka, akautazama mto. Moyo uliniuma kweli kweli.

Wakamwita Mwamvita atoe ushahidi, pale pale kwenye tope, na sare yake ya shule.

"Binti," Inspekta akamuuliza, "ulimwona mwalimu wako akiliondoa daraja?"

"Sikumwona."

"Kwa hiyo aliliondoa wakati wewe huoni."

"Hapana, mimi..."

"Hujui alichofanya wakati huoni. Ndiyo au siyo?"

"Sijui, lakini daraja..."

"Andikeni: shahidi hajui," Hakimu akasema. "Inatosha, mtoto. Umeisaidia nchi yako."

Hukumu ilitolewa hapo hapo, kwa kuwa Hakimu hakutaka kurudi tena kwenye lile tope. Mwalimu Sikudhani Mbelwa atakaa gerezani mpaka daraja lirudi mahali pake. Siku daraja litakapoonekana Lumesa, naye ataonekana uraiani. Tulirudi kwenye yale maharage, hakuna aliyekula.

*

Wazazi tulikutana kanisani kwa sababu shuleni tulikatazwa. Kila mtu na lake. Mmoja akasema tuandike barua kwa Mkuu wa Nchi. Mwingine akasema tufunge na kusali. Mimi nilisema maneno ambayo mke wangu kanikataza kuyarudia mbele za watu.

Fundi Mbaraka Ngoda alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Yule mtu tangu mwanawe achukuliwe na mto alikuwa haongei mikutanoni. Akasimama.

"Wanataka daraja?" akauliza.

"Wanataka," tukamjibu.

"Basi tuwape daraja."

Alisema hivyo tu, akatoka kwenda kunoa shoka.

Nisiwachoshe na habari za kazi. Mliowahi kufanya msaragambo, kijiji kizima kazini bila malipo, mnajua, na msiowahi hamtaelewa. Tulikata mivule kwenye shamba la marehemu baba yangu, na mtu asiniulize kibali. Mjane mmoja aliyekuwa akijenga nyumba yake taratibu alitoa saruji yake yote, akasema nyumba ina subira kuliko mwalimu. Wanawake walisomba mawe kichwani, wakishusha mawe wanapika, wakimaliza kupika wanasomba tena. Watu wa ng'ambo walianzia kwao, sisi tukaanzia kwetu. Fundi Mbaraka alikuwa majini kutwa, maji yakimfika kifuani, pale pale palipo na ile mizizi. Gogo lilimponda mkono wa kushoto, akaufunga kwa kanga ya mkewe, akaendelea na wa kulia. Nilimwambia apumzike. Aliniambia, "Mzee, nikipumzika nitafikiri."

Bwana Ndauka alikuja na tai yake kutusomea waraka, kwamba ni marufuku kujenga daraja mahali ambapo kitaifa tayari pana daraja. Alisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyeinua kichwa. Akasimama, akajikohoza, halafu akaukunja ule waraka akautia mfukoni, akavua viatu, akaja kushika upande wa pili wa gogo langu. Sikumwambia kitu. Ukimpongeza mwoga anakimbia.

Daraja likasimama. Halikuwa la zege wala halikuwa na taa. Lilikuwa la magogo na mawe na kamba, limepinda kidogo katikati kwa sababu upande wetu na upande wa ng'ambo hatukulengana sawasawa. Lakini mtoto wa kwanza alipopita juu yake na viatu vikavu, akina mama walipiga vigelegele mpaka ndege wakahama.

*

Waziri alikuja na bendi. Safari hii hakuogopa viatu, maana walimtandikia zulia kutoka garini hadi ukingoni. Wapambe walipoliona lile daraja walitazamana, kwa sababu halikufanana hata kidogo na la kitabuni. Msaidizi wake ndiye aliyeokoa hali. "Limechakaa mikononi mwa wahalifu, Mheshimiwa," akasema. "Limekonda kwa mateso." Waziri akatikisa kichwa kwa huruma, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Limepatikana!"

Bendi ikapiga.

"Kwa umakini wa vyombo vyetu, kwa uongozi usiolala, kwa sayansi na teknolojia, daraja hili limefuatiliwa, limezingirwa na kurejeshwa kwenu, likiwa hai! Wale waliodhani serikali haina mkono mrefu, leo wamepata jibu. Serikali ililijenga, serikali ililitafuta, serikali imelirudisha. Nanyi wananchi wa Nyamlenga mlikuwa mmekaa mnasubiri, nasi tunawapongeza kwa subira yenu!"

Nilimtazama Fundi Mbaraka. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkono ule umevimba kama mkate, umefungwa. Alikuwa anatazama mto. Wallahi nilitamani goti langu liwe zima walau kwa dakika moja nipande lile jukwaa.

Halafu wakamteremsha Mwalimu Sikudhani kutoka gari la magereza. Alikuwa amekonda, miwani imepoteza kioo kimoja, na nywele wamemnyoa. Watoto wa darasa la tano, waliokuwa wamepangwa kwenye madawati chini ya turubai, walisimama wote bila kuamriwa. "Shikamoo mwalimu!" wakasema. Aliitikia marahaba.

Tulidhani wanamwachia hapo hapo. Daraja si limeonekana? Lakini Waziri ni mtu wa elimu, haachi jambo bila mtihani.

"Mama huyu," akasema, "sheria inamruhusu kurudi uraiani. Lakini je, amerudi kifikra? Tutamjaribu kwa kazi yake mwenyewe. Atawauliza wanafunzi wake swali moja tu, lililomo katika toleo jipya la kitabu. Nani alijenga Daraja la Lumesa? Wakijibu sawasawa, yuko huru, na kesho anaingia darasani na mshahara wake. Wasipojibu sawasawa, tutajua hajawafundisha kitu, na gari lile linamsubiri."

Wakamfungua pingu. Mtu akampa chaki. Ubao ulikuwa umesimamishwa mbele ya turubai, mweusi, mpya, bado una karatasi ya dukani.

Mwalimu aliwatazama watoto. Nyuma yao tulikuwa sisi, baba zao na mama zao, na mikono yetu. Mingine ina malengelenge, mingine imechubuka, na ule mmoja umefungwa kanga. Watoto wale walituletea maji ya kunywa tukiwa mtoni. Walijua kila gogo ni la nani.

"Darasa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Darasa. Nani alijenga daraja hili?"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Inspekta akatoa pingu mfukoni, akaanza kuzichezea ili watoto wazione, mshenzi yule.

Mwamvita akageuka nyuma. Alimtazama baba yake. Na Fundi Mbaraka, Mungu ampe maisha marefu, akamtazama mwalimu aliyenyolewa nywele, akamtazama mwanawe, akatikisa kichwa polepole kumwambia ndiyo. Sema wanachotaka, mwanangu.

Mtoto akasimama. "Serikali, mwalimu," akasema.

"Serikali!" darasa zima likafuata kwa nguvu zote, wakipaza sauti ili kila askari asikie, wengine machozi yakiwatoka. "Serikali, mwalimu! Serikali!"

Makofi yaliyopigwa hapo! Waziri alisimama, wapambe wakasimama, bendi ikaanza kupiga kabla ya kuamriwa. Na sisi tulipiga makofi, nisiwafiche, tulipiga kwa hayo hayo malengelenge, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa amepona. Tulijali nini kuhusu sifa? Wachukue sifa, watuachie mtu wetu.

Mwalimu Sikudhani alingoja kelele zipungue. Kisha akaugeukia ubao, akachora alama ya kosa. Kubwa, kona hadi kona. Chaki ikakatika katikati, akamalizia na kipande.

"Mmekosa," akasema. "Wote. Kaeni chini."

Waziri aliendelea kupiga makofi, kwa sababu hakuwa akisikiliza. Msaidizi alimnong'oneza, mikono ya Waziri ikabaki hewani.

"Toeni madaftari," mwalimu akasema. "Andikeni masahihisho."

Akaweka kile kipande cha chaki chini ya ubao, akajifuta mikono kwenye gauni la gereza, akatembea mpaka kwa Inspekta, akamnyooshea mikono. Yule bwana alibaki ameduwaa, pingu zinaning'inia.

"Sasa mwalimu, si umeachiwa?" akamuuliza.

"Sharti lilikuwa wajibu sawasawa," akasema. "Hawajajibu sawasawa."

Ilibidi amfunge mwenyewe, maana askari wengine wote walikuwa wanatazama chini. Fundi Mbaraka aliinuka, akazuiwa na vitako vya bunduki. Mimi nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Wakampakia mwalimu nyuma ya gari, mlango ukiwa bado wazi, na Mwamvita akaacha dawati lake, akakimbia mpaka mwisho wa turubai, daftari kifuani.

"Mwalimu! Tuandike majina yote?"

"Yote," akasema mwalimu. "Anza na baba yako."

Mlango ukafungwa, gari likaondoka. Waziri akapiga kelele bendi ipige, nayo ikapiga kweli, matarumbeta na ngoma, kwa nguvu kuliko mwanzo, ili kisisikike watakachosema wale watoto. Lakini watoto hawakuwa wakisema kitu. Walikuwa wameinama, wanaandika.